Disney: Mashua zile zile, foleni mpya

WANAONUNUA hisa za Disney wengi huitazama kama kampuni ya filamu. Hesabu za mwaka wa fedha 2024 zinaonyesha vingine. Katika faida ya uendeshaji ya Dola za Marekani bilioni 15.6 kutoka idara zake zote, bilioni 9.3 zilitoka kwenye viwanja vya burudani, meli za utalii na bidhaa. Septemba 2023 kampuni ilitangaza kuingiza dola bilioni 60 katika viwanja na meli kwa miaka 10. Je, fedha hizo zikitumika kufufua vivutio vilivyochakaa, zinarudi?

Mfano wa kuchunguza uko Epcot, Florida, kiwanja kilichofunguliwa 1982. Humo mna mabanda ya nchi 11. Banda la Norway, la mwaka 1988, lilikuwa na Maelstrom, safari fupi ya mashua kwenye mfereji, kupitia kwa Waviking, mazimwi na mtambo wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini. Mwishoni ilionyeshwa filamu kuhusu nchi hiyo, na wageni wengi walikatiza ukumbini wakatokea mlango wa pili. Mwenye duka anaijua hali hiyo: mzigo upo, wateja wanaupita.

Ndipo ikaja filamu ya Frozen mwaka 2013 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 duniani. Maelstrom ilifungwa Oktoba 2014, na Juni 2016 ikafunguliwa Frozen Ever After mahali pale pale.

Wapenzi wa Epcot walilalamika, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ufalme wa Arendelle haumo katika ramani yoyote, ilhali banda lilijengwa kuonyesha nchi halisi. Hata Hans Christian Andersen, ambaye hadithi yake ndiyo chimbuko la filamu hiyo, alikuwa Mdenmark! Lakini mtoto anayemtaka Elsa haulizi jiografia, na baba yake ndiye mwenye pochi.

Kasoro ya kibiashara iko kwingine. Disney ilibadili sanamu, nyimbo na taa, ikabakiza mfereji na mashua za zamani. Hivyo mahitaji yalipanda, lakini uwezo wa kuchukua watu kwa saa ulibaki karibu ule ule wa 1988. Siku ya ufunguzi muda wa kusubiri uliotangazwa ulifika dakika 300. Foleni ndefu hupendeza kwenye picha za magazeti, ila aliyemo hanunui chakula wala mwanasesere.

Hong Kong walifanya tofauti. Novemba 2023 Arendelle ilipewa eneo lake lote, lenye safari ya mashua pamoja na treni ya mteremko, hivyo umati ukagawanyika, na hakuna nchi iliyopoteza banda. Gharama yake, bila shaka, ni ya ujenzi mpya. Kwa hiyo mwenye hisa anaposoma taarifa za zile bilioni 60, atenge miradi inayoongeza viti na ile inayobadili sura tu.