Samaki na Ugali Barabarani: Kula Hotelini Homa Bay na Migori

Msafiri anayeshuka matatu mjini Homa Bay saa za chakula cha mchana hukuta hoteli ndogo zimejaa watu, na karibu kila meza ina samaki na ugali. Mji huu uko kando ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Kutoka hapo barabara hupanda hadi Rongo na kuungana na barabara kuu ya A1, inayopita Awendo na Migori hadi mpakani Isebania. Njia nzima chakula ni kilekile, ila samaki hubadilika kadiri ziwa linavyobaki nyuma.

Nyingi za hoteli hizi ni vibanda vya mabati vyenye viti vya plastiki, na orodha ya vyakula huwa haipo. Mteja huagiza kwa macho. Mlangoni pana kabati la kioo lenye samaki waliokwisha kukaangwa, na nyuma, karibu na jiko la makaa, pana beseni la samaki wabichi. Bei hufuata ukubwa wa samaki, kwa hiyo hutajwa baada ya samaki kuonyeshwa. Msafiri anayekaa tu mezani na kusema “niletee samaki” huletewa yule aliyekaa kabatini tangu asubuhi. Anayeinuka, akamsalimu mama jikoni, “oyawore” kukiwa asubuhi au “oimore” jioni, kisha akaomba kuona beseni, hula vizuri zaidi kwa pesa zilezile. Hali hii haiko kando ya Nam Lolwe peke yake. Katika mji wa Lanzhou nchini China, mikahawa midogo ya tambi za supu ya nyama ya ng'ombe huishi kwa chakula kimoja, na mteja hutaja unene wa tambi anazotaka kabla mpishi hajaanza kuzivuta kwa mikono. Nyumba inayopika kitu kimoja kila siku hukijua kitu hicho, na mgeni hufaidika akishiriki kuchagua.

Anayependwa zaidi ni ngege. Zamani jina hilo lilikuwa la samaki wa asili wa ziwa hili, ambaye sasa ni adimu sana. Ngege wa sahanini leo kwa kawaida ni yule ambaye Tanzania wanamwita sato, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na miiba yake huonekana. Mbuta, yaani sangara, naye aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980 na kuwamaliza samaki wengi wadogo wa asili. Ni mkubwa, ana mafuta, na huuzwa vipande. Minofu yake mingi huenda viwandani na kusafirishwa ng'ambo, na mifupa inayobaki, yenye kichwa na nyama kidogo, hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Inasikitisha kwamba wanaoishi ufukweni hubakiwa na mifupa ya samaki wao wenyewe, lakini mgongo wazi uliopikwa kwa nyanya una ladha nzuri, na msafiri mwenye pesa kidogo hana sababu ya kuudharau.

Omena, dagaa wa ziwa, huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi. Kenya husimamisha uvuvi wake kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, na miezi hiyo omena hupungua hotelini na bei hupanda.

Si kila ngege anayeuzwa mjini amevuliwa ziwani. Wengi sasa hufugwa katika vizimba ndani ya maji ya Kaunti ya Homa Bay, ambako kampuni ya Victory Farms iliyoko Roo, Suba, ni miongoni mwa wafugaji wakubwa. Kenya pia huagiza samaki waliogandishwa kutoka China, biashara iliyozua mabishano makali mwaka 2018, wavuvi wakilalamika kwamba bei yao inavunjwa. Mteja ana haki ya kuuliza samaki ametoka wapi. Macho maangavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ikibonyezwa ni dalili za samaki mbichi, na hakuna maelezo ya muuzaji yanayozishinda.

Mapishi ni mawili hasa. Samaki mkavu hukatwa mistari ubavuni, hupakwa chumvi na kukaangwa mzimamzima hadi ngozi ikauke. Wa mchuzi hukaangwa vivyo hivyo, kisha hurudishwa sufuriani pamoja na vitunguu, nyanya nyingi na dania. Kupika samaki mbichi huchukua muda, na dereva wa matatu hangoji. Mwenye safari ya haraka achukue wa kabatini, na mwenye saa moja ya kupumzika aagize wa mchuzi.

Pamoja naye huja ugali, ambao Wajaluo huuita kuon, wa mahindi au wa mtama mwekundu uliochanganywa na muhogo. Huo wa mtama ni mzito na una uchachu kidogo, na unafaa kuombwa kwa jina kwa sababu mgeni huletewa mweupe bila kuulizwa. Mboga ni sukuma wiki, au, palipo na mpishi mwenye subira, osuga, dek na apoth. Osuga na dek ni chungu kidogo, na hupikwa polepole kwa maziwa hadi uchungu upungue. Apoth ni mlenda.

Kabla ya kula, mhudumu huleta maji ya uvuguvugu na sabuni, au huonyesha mtungi wenye bomba. Hoteli za hapa hazitarajii uma, na samaki mwenye miiba ni salama zaidi kwa vidole.

Mjini Migori samaki hutoka Sori na Muhuru, na hushindana na nyama ya kuchemsha, matumbo na maharagwe. Upande wa Wakuria, kuelekea Isebania, hupatikana ugali wa wimbi.

Kuhusu usalama, chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi hakina shida. Kachumbari na maji ya jagi ndivyo vya kuangaliwa, kwa kuwa kipindupindu kimewahi kuzuka pande hizi. Maji ya chupa iliyofungwa hupatikana kila duka. Sheria humtaka kila anayeshughulika na chakula apimwe afya kila miezi 6, na cheti chake huweza kuombwa. Malipo hufanyika baada ya kula, kwa pesa taslimu au M-Pesa, kwa nambari iliyobandikwa ukutani. Beseni huanza kuwa tupu kuanzia saa tisa alasiri, na anayefika baadaye hupewa kilichobaki.