Kutoka Tarime hadi Mugumu bila Kupitia Ng'ambo

Barabara ya Tarime hadi Mugumu ina urefu wa kilomita 87 hivi. Inapita Nyamongo, inavuka Mto Mara, kisha inaingia wilaya ya Serengeti. Ujumbe wa simu haufuati njia hiyo. Mtu wa Tarime akiandika WhatsApp kwamba ng'ombe wamefika salama, maneno yake hupanda mnarani, hukimbia kwenye mkongo hadi pwani, huzama baharini hadi kwenye seva za kampuni nje ya nchi, ndipo hurudi Mugumu.

Mei 12, 2024 udhaifu wa mzunguko huo ulionekana wazi. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Je, ni lazima mazungumzo ya majirani yategemee mlango mmoja ulio mbali? Hapana. Ipo mitandao ya majadiliano iliyogatuliwa, ambayo haina seva moja kuu. Kila mji, chuo au chama huweka seva yake, na zote huelewana kwa kanuni moja, yaani itifaki. Barua pepe imefanya kazi hivyo miaka yote. Mmoja wa mitandao hiyo, Mastodon, ulioanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016, hutumia itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018.

Mkurya, mwenyeji wa maeneo haya, hahitaji kwenda mbali kuupata mfano wa ugatuzi huo. Kila ikiaro, eneo la ukoo, lina iritongo lake, baraza la hadhara la kujadili mambo kama wizi wa ng'ombe. Hakuna iritongo moja linalowatawala Wakurya wote.

Tuseme kuna seva Tarime na nyingine Mugumu. Mwalimu wa Tarime anaandika habari. Seva yake inatazama orodha ya wafuasi wake, inakuta baadhi wako Mugumu, inatia habari hiyo saini ya kidijitali na kupeleka nakala. Seva ya Mugumu inaihakiki saini, kisha inaiweka nakala mbele ya wasomaji wake. Ikiwa Mugumu umeme umekatika, Tarime haikati tamaa: hujaribu tena baadaye, na tena.

Mbinu hii ya kutunza kwanza na kupeleka njia ikipatikana ina historia hapa kwetu. Mwaka 1984 Tom Jennings wa Marekani alianzisha FidoNet, ambamo kompyuta zilipigiana simu usiku, gharama ikiwa nafuu, zikabadilishana barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa afya wa HealthNet uliitumia teknolojia hiyo kuwafikishia madaktari wa Afrika, Tanzania ikiwemo, taarifa za kitabibu.

Serengeti nayo imewahi kuwa uwanja wa majaribio. Katika miaka ya 2000 Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm walishirikiana kujenga mtandao wa Serengeti Broadband Network katika wilaya za Bunda na Serengeti, ukaunganisha ofisi za halmashauri, shule na vituo vya afya. Juu ya njia ya namna hiyo, seva ya wilayani inaweza kuendelea kuhudumia wenyeji hata mkongo wa baharini ukikatika. Ujumbe wa ng'ambo pekee ndio unaosubiri.

Ugatuzi una gharama zake. Kila seva inahitaji umeme, nakala rudufu na msimamizi. Matusi na uzushi vikiingia kutoka seva fulani, msimamizi ndiye anayeamua kuifungia. Na akichoka akaizima seva bila kutoa taarifa, watu wake hupoteza akaunti zao. Kwenye Mastodon mtu aliyepewa taarifa mapema anaweza kuhamia seva nyingine na wafuasi wake, lakini maandishi yake ya zamani hubaki alikotoka.