"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Hukumu ya Spea za Breki Zilizotengenezwa Upya

SWALI: Nina Noah ya zamani, nabeba abiria na mboga kati ya Lushoto na Mombo. Nikikanyaga breki gari inavuta upande mmoja. Fundi anasema ninunue kalipa zilizofumuliwa na kutengenezwa upya, maana mpya siziwezi bei. Je, inafaa? Na nikizikuta mbovu ilhali risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", nina haki gani?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Asili ya biashara ni uhalali, na kitu kikuukuu kilichotengenezwa huuzwa kama kitu kingine chochote chenye manufaa. Hata ule utaratibu wa kumwachia muuzaji kalipa yako mbovu ili akupunguzie bei hauna riba ndani yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu pwani hii tunayafuata, mali za riba ni dhahabu, fedha na vyakula, chuma hakimo. Hapo hatuna mjadala mrefu.

Mjadala uko kwenye barabara yenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na humo unashuka takriban mita 1,000, kona baada ya kona, huku mlima, huku bonde. Gari ya tani 2 ikishushwa kimo hicho kwa breki tupu, joto linalotoka lingetosha kuchemsha ndoo karibu tatu za maji za lita 20. Joto hilo huingia kwenye diski, pedi na kalipa, mwishowe kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205; yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari inaendelea. Mimi si fundi, lakini kila fundi niliyemuuliza kanijibu hivyo hivyo. Kwa hiyo badilisha mafuta pamoja na kalipa, na ushuke kwa gia nzito.

Sasa, "kutengenezwa upya" sokoni kuna maana mbili. Moja ni kalipa iliyofumuliwa yote, ikaoshwa, tundu la pistoni likakaguliwa kutu, raba zote zikatiwa mpya, kisha ikajaribiwa kwa presha. Hiyo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko "mpya" ya bei ya kutupa yenye chapa ya kughushi. Nyingine ni kalipa iliyopigwa rangi tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa ya namna hiyo. Ilipofunguliwa, raba zilikuwa zile zile za zamani, zimepasuka. Basi mwambie muuzaji avute kifuniko cha raba uone pistoni, na ubadilishe kulia na kushoto pamoja. Pedi nunua mpya siku zote, kwani pedi iliyokwisha tumika umri wake umekwenda.

Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alipita sokoni kwenye fungu la chakula, akatia mkono ndani akakuta majimaji, akamkemea mwenye nalo kwa kuwaficha watu. Rangi juu ya kalipa iliyoliwa na kutu ni jambo hilo hilo.

Ama risiti, maandishi yale hayamkingi muuzaji kama wengi wanavyodhani. Katika qauli yenye nguvu kwa Mashafi, muuzaji akishurutisha kuwa hahusiki na aibu yoyote, sharti hilo humfaa tu kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Kalipa si mnyama. Aibu iliyokuwemo kabla ya kukabidhiwa, inayopunguza thamani au manufaa, nawe hukuijua, inakupa haki ya kurudisha na kurejeshewa pesa yako. Lakini angalia: rudisha mara tu unapogundua. Ukiendelea kuitumia baada ya kujua, umeridhia, na haki imepotea. Na ikiwa imeharibikia zaidi mkononi mwako, humlazimishi tena aipokee. Mtasikilizana, au utadai fidia ya ile aibu ya mwanzo.

Limebaki moja ambalo ndugu yetu hakuliuliza. Wewe unaijua breki yako. Mama aliyekaa kiti cha nyuma na tenga lake la pea haijui. Aibu uliyochukia kufichwa dukani, usimfiche yeye stendi. Gari inayovuta upande haifai kuchukua abiria kushuka Soni hata safari moja "ya kutafuta pesa ya spea". Iegeshe mpaka itengenezwe.

Wallahu a'alam.