Damu Iliyotoka Beni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliziangalia maabara za Beni na Butembo wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Kongo. Leo tuifuate chupa ya damu yenyewe. Ikishatoka kwa mgonjwa, inakuwa mali ya nani?

Nisidhaniwe nachukia wageni, lakini tahadhari ina sababu. Mwaka 1992 Shoko Asahara, kiongozi wa dhehebu la Aum Shinrikyo la Japani, alifika Zaire, Kongo ya leo, na wafuasi wake kwa jina la msaada wa tiba. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani ulieleza baadaye kwamba walikuwa wakitafuta virusi vya Ebola. Mwaka 1995 dhehebu hilohilo lilimwaga sarini katika treni za Tokyo. Kumbe anayeshika ufunguo wa friji ya sampuli analinda nchi, ingawa hana bunduki.

Ila wezi wa aina hiyo ni wachache. Sampuli nyingi hutoka mchana, zikiwa na muhuri. Dawa ya Ebola iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa 1995 mjini Kikwit, Kongo. Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, alishirikiana na Wamarekani kuitafuta, na tangu Novemba 2018 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa huku kwetu pamoja na dawa nyingine tatu. Desemba 2020 Marekani iliiidhinisha, ikiwa mikononi mwa kampuni ya hukohuko. Ni ushindi wa sayansi yetu, sikatai. Lakini haki ya kuiuza haiko Kikwit wala Butembo.

Itifaki ya Nagoya ya 2010, kuhusu rasilimali za kijenetiki, inadai kibali na mgawanyo wa faida, lakini damu ya binadamu haimo ndani yake. Kinachobaki ni karatasi kati ya taasisi na taasisi: sampuli ngapi, za kazi gani, zirudi au ziteketezwe lini. Na taarifa za jeni je? Hizo hazihitaji sanduku la barafu, zinasafiri kwa intaneti. Chuo kikuu kama cha Graben, huko Butembo, kinahitaji mtu wa kuisoma karatasi hiyo kabla rekta hajatia sahihi, mtu asiyeona haya kuuliza maswali mbele ya mfadhili.

Aprili 19, 2019, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa mkutanoni katika kliniki za chuo hichohicho. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba watu wa riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, wanafanya biashara ya ugonjwa. Hakuna fomu ambayo ingezuia risasi ile. Hata hivyo, mama wa kijiji cha Luofu akiuliza damu ya mwanawe ilipelekwa wapi, pawe na daftari la kumfungulia.