Msituandike kama mafukara: wazee wetu, ruzuku na ile fomu

Tangu kipindi chetu cha wazee na upweke kitoke, swali linalorudi zaidi kwenye jumbe zenu ni moja: pesa zinapatikana wapi? Kina mama wapo wanaopika kila wiki kwa mifuko yao. Ukumbi upo, wa msikiti au wa kanisa, unaokaa mtupu mchana. Vijana wenye digrii za kutosha wapo pia, wamezoea kuandika ripoti kazini kwao. Kinachokosekana ni pesa za kuendesha jambo kwa mwaka mzima bila kuchangishana kwenye WhatsApp kila Ijumaa.

Basi leo tuzungumzie ruzuku. Tunaizungumzia England hasa, kwa sababu ndiko wengi wenu mliko, na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Tuseme kitu kimoja kabla ya yote. Wengi wetu tunadhani kikwazo ni Kiingereza cha fomu. Sivyo. Kiingereza tunacho, tumesomea hapa hapa. Ugumu ni kwamba fomu inatuvuta tuwaeleze wazee wetu kwa namna ambayo wao wenyewe hawatakubali kuisikia ikisomwa.

Wapweke, maskini, wasiojiweza

Tunajua kikundi kimoja kilichoandaa ombi la ruzuku kwa ajili ya chakula cha mchana cha wazee. Vijana waliandika vizuri: wazee wametengwa, hawana kipato, hawajui lugha, afya zao mbovu. Kabla ya kutuma, mmoja wao akapata wazo la kuwasomea wazee rasimu, akiitafsiri sentensi baada ya sentensi. Kukawa kimya. Kisha bibi mmoja akasema: "Mwanangu, msituandike kama mafukara. Mimi nimefanya kazi hospitali za nchi hii miaka thelathini."

Na ni kweli. Hebu tuangalie hao wazee ni nani. Wapo waliokuja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule, leo ameshapita 80. Wapo Wahindi wa Kenya waliokuja mwishoni mwa miaka ya 1960, na wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ambao Kiswahili chao cha dukani bado kipo mdomoni. Wapo Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia baada ya 1991, na Chimwini chao kinachoelewana na chetu ukitega sikio. Wapo Wakongo wa miaka ya 1990. Wameendesha mabasi, wamefagia ofisi usiku, wameuguza watu, wamelipa kodi. Leo wana upweke, ndiyo. Lakini mtu mwenye upweke na mtu asiye na thamani si mmoja.

Kikundi kile kiliandika upya. Badala ya "wazee hawajiwezi", wakaandika kwamba wazee 25 hukutana kila wiki, wanne kati yao wanafundisha vijana kupika na kusuka ukili, na kwamba wanachohitaji ni ukumbi wenye joto, usafiri, na mtu wa kuwasaidia na barua za serikali. Shida ni zile zile, ila safari hii anayesimulia amesimama wima.

Na hii si heshima tu, ni mkakati pia. Wafadhili wengi siku hizi huuliza waziwazi jamii yenyewe imeshiriki vipi kupanga mradi. Ombi lililoandikwa na kijana peke yake saa sita za usiku halina jibu la swali hilo. Ombi lililosomwa mbele ya wazee linalo, tena kwa maneno yao.

Saini mbili zisizo za ndugu

Tuje kwenye mambo ya makaratasi. Mfadhili hampi mtu ruzuku, huipa jumuiya. Maana yake mnahitaji katiba iliyoandikwa, hata ikiwa kurasa tatu, kamati, na akaunti ya benki yenye jina la jumuiya, si jina la mweka hazina. Kuna njia kadhaa za kujisajili, na wengi huchagua CIO, aina ya shirika la hisani iliyopo England na Wales tangu 2013, inayowakinga wanakamati wasibebe deni la jumuiya mifukoni mwao.

Hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu ya undugu. Mfuko wa Bahati Nasibu ya Taifa, ambao ndio mfadhili mkubwa kuliko wote wa vikundi vya jamii nchini hapa, unataka kwenye kamati wawepo angalau watu wawili wasio na undugu, wasiooana na wasioishi nyumba moja. Kwenye akaunti hivyo hivyo. Sasa wewe chukua jumuiya ya watu wa Lamu au wa Pemba katika mji mmoja wa England, utafute wawili wasio ndugu! Mwenyekiti ni mjomba, katibu ni mtoto wa mamake mdogo, na mweka hazina ni mke wa mwenyekiti, kwa sababu ndiye anayeaminika.

Kwetu undugu ndio dhamana: utamwibiaje mtu mtakayeonana naye kwenye kila harusi na kila maziko? Kwa mfadhili undugu ndio hatari. Msibishane na fomu. Mleteni mtu wa nje ya ukoo, awe jirani Msomali, mwalimu mstaafu Mwingereza, au Mkenya wa bara aliye mtaa wa pili, na mumpe kazi kweli, si jina tu. Wazee wakiuliza kwa nini mgeni anashika hati za benki, waelezeni taratibu na mapema. Fitina nyingi za jumuiya zetu zilianzia kwenye jambo ambalo halikuelezwa.

Wazee wasio na kisanduku

Swali linalofuata kwenye fomu: mnajuaje kwamba huduma hii inahitajika? Wanataka takwimu, na sisi hatumo.

Katika sensa, Mswahili si kabila lenye kisanduku. Mzee mmoja wa Mombasa ataweka alama kwenye Mwafrika. Dada yake, baba mmoja mama mmoja, ataweka kwenye Mwarabu, kisanduku kilichoingia sensa ya England na Wales mwaka 2011. Jirani yao aliyezaliwa mtaa huo huo ataweka Mhindi. Wote watatu wakikutana wanasalimiana kwa Kiswahili na kucheka utani ule ule, ila kwenye karatasi ni watu wa makundi matatu, na kila kundi wao ni wachache mno kuonekana.

Sensa ya 2021 iliuliza pia lugha kuu ya mtu, na takwimu hizo zipo wazi kwenye tovuti ya ofisi ya takwimu, hadi ngazi ya halmashauri. Zitumieni, lakini zisiwe peke yake. Fanyeni hesabu yenu. Kwa wiki nane andikeni waliokuja ni wangapi, wana umri gani, wanakaa peke yao au na watoto, wamefikaje, wameomba msaada wa nini. Daftari la shilingi mbili linatosha. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa kumi za maneno matamu, kwa sababu hakuna mwingine aliye nayo.

Na kuna hoja moja ambayo vikundi vingi huisahau. Mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani, akipatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mara nyingi lugha ya pili ndiyo hutangulia kuondoka. Anabaki na ile ya utotoni. Mzee aliyeongea Kiingereza kazini miaka thelathini anaweza kujikuta katika kituo cha mchana ambako hakuna mtu anayemwelewa akiomba maji. Kwa hiyo meza yenye Kiswahili si anasa ya utamaduni, ni huduma ya afya. Liandikeni hivyo hivyo.

Pesa za nani?

Mfuko wa Bahati Nasibu, kupitia mpango wake wa ruzuku ndogo, hutoa kati ya £300 na £20,000 kwa mradi wa hadi miaka miwili. Fomu yake ni fupi kuliko nyingi. Lakini jina lake lenyewe linasema pesa zimetoka wapi: tiketi za bahati nasibu, iliyoanza 1994. Kwa wazee Waislamu, kamari ni haramu, na wengine hawatagusa sahani iliyolipiwa na pesa hizo.

Msiwafiche. Tumesikia hoja za pande zote: wapo wanaosema pesa ikishapita mikononi mwa umma si kamari tena, na wapo wanaosema hapana, chanzo ni chanzo. Sisi si mashehe, hatutoi fatwa hapa. Tunachosema ni kwamba uamuzi huu ni wa wale watakaokula, na ufanyike kabla ya kuomba. Mzee akigundua baadaye mmemlisha asichokikubali, hakuna ripoti itakayorudisha imani hiyo.

Milango mingine ipo. Kila eneo nchini lina mfuko wa jamii wa mahali pale, unaogawa pesa za matajiri na makampuni ya eneo hilo. Halmashauri nyingi zina ruzuku ndogo, ingawa bajeti zao zimebana. London kuna City Bridge Foundation, na huyu ukiwaeleza wazee asili yake watamwelewa mara moja: ni kama wakfu. Zaidi ya miaka 700 iliyopita watu waliweka mali kwa ajili ya kutunza Daraja la London. Mali ikakua, leo inatunza madaraja matano ya mto Thames, na tangu 1995 ziada yake inakwenda kwenye hisani za London. Milango yake hufunguliwa na kufungwa kwa vipindi, kwa hiyo angalieni kwanza.

Tahadhari moja: NHS ina wafanyakazi kwenye zahanati ambao kazi yao ni kuwaelekeza wagonjwa wapweke kwenye vikundi kama vyenu. Watumieni, barua yao ni ushahidi mzuri. Ila wanaleta wazee, hawaleti pesa. Msikubali kupokea watu kumi zaidi kwa bajeti ile ile.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano: wazee 25, siku moja kwa wiki, wiki 40.

- Ukumbi, saa 4 kwa £20: £3,200
- Chakula, £4 kwa kila mtu: £4,000
- Basi dogo, £60 kwa siku: £2,400
- Mratibu wa kulipwa, saa 6 kwa wiki kwa £14: £3,360
- Bima, simu, nauli za wanaojitolea: £1,000

Jumla £13,960, yaani chini ya £14 kwa mzee mmoja kwa siku. Ukiona jumuiya imeandika £4,000 tu "tusionekane walafi", ujue kuna mama fulani atalipa iliyobaki kimyakimya, kwa mafuta ya gari lake na mgongo wake.

Huyo mama naye aandikwe. Wanawake wanne wakipika saa 5 kila wiki, ni saa 800 kwa mwaka. Hata kwa £12 kwa saa, hiyo ni £9,600 ambazo jumuiya imeshatoa kabla mfadhili hajatoa hata peni. Fomu nyingi zina nafasi ya mchango wenu. Msiiache wazi.

Na wazee wachangie, wenye uwezo. £2 kila mmoja kwenye kopo mlangoni ni £2,000 kwa mwaka. Wengi wao wanapenda kulipa kuliko kupewa. Ndiyo tofauti kati ya mgeni na mwenye nyumba. Asiye nazo apite tu, na asiwepo wa kuangalia nani ametia na nani hajatia.

Siku ruzuku ikiisha

Hili ndilo linalotutia hofu kuliko kunyimwa. Ruzuku ya mwaka mmoja huisha. Mzee aliyezoea kutoka kila Jumatano, aliyeanza tena kuchagua kanzu ya kuvaa, anafika anakuta mlango umefungwa. Bora asingezoeshwa.

Kwa hiyo anzeni kuomba ruzuku ya pili mkiwa katikati ya ya kwanza, kwa sababu majibu huchukua miezi. Msitegemee mfadhili mmoja. Na wekeni kiwango cha chini ambacho jumuiya inaweza kukibeba yenyewe: labda bila basi, bila mratibu, mara mbili kwa mwezi, lakini mlango uko wazi. Waambieni wazee tangu mwanzo kipi ni cha ruzuku na kipi ni chetu. Hawa ni watu waliohama nchi na mabegi mawili. Habari ya pesa kwisha wanaijua, wakiambiwa mapema watapanga pamoja nanyi.

Kama mna rasimu mezani sasa hivi, msiitume wiki hii. Ipelekeni kwenye kahawa, msome kwa sauti, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Mahali ambapo mtaona aibu kutafsiri, hapo ndipo pa kuandika upya.