Filamu, Eksirei na Somo la Mionzi

Mwalimu wa sayansi huulizwa maswali yasiyomo kitabuni. Mojawapo ni hili: je, mtambo wa eksirei unaokagua mizigo katika kiwanja cha ndege huharibu filamu ya picha? Kujibu "ndiyo" au "hapana" hakutoshi. Sharti mwanafunzi aelewe sababu.

Filamu hupakwa chembechembe za chumvi ya fedha, ambazo hubadilika zipigwapo na mwanga. Eksirei nayo huzibadilisha, tena hupenya kasha lisilopenywa na mwanga. Filamu iliyodhurika hivyo, ikisafishwa, hutoa picha zenye ukungu. Madhara hutegemea nguvu ya mionzi, wepesi wa filamu kupokea mwanga, na idadi ya mara ilizopitishwa. Mitambo ya kawaida ya mizigo ya mkononi haidhuru sana filamu iliyo chini ya ISO 800 ikipita mara chache. Ile ya mizigo mikubwa ina nguvu zaidi, na mitambo mipya ya CT huweza kuiharibu kwa mara moja tu. Yafaa msafiri aombe filamu yake ikaguliwe kwa mkono. Filamu iliyokwisha kusafishwa haina hatari hiyo.

Tutafundishaje jambo hili Sekenke? Mtambo hatunao, jua tunalo. Twaa ukurasa wa gazeti jipya, uugawe sehemu nne, uzifunike zote kwa mbao. Kila siku funua sehemu moja, uiache juani. Siku ya tano wanafunzi walinganishe rangi: iliyokaa juani zaidi itakuwa ya manjano zaidi. Hapo wataona kwamba athari hujumlika.

Kisha weka sarafu juu ya gazeti jingine. Chini yake patabaki peupe. Wakumbushe kuwa dhahabu ya Sekenke ilitumika kufulia sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Metali nzito kama dhahabu na risasi huzuia hata eksirei, ambayo karatasi na nguo haziizuii.

Tahadhari moja ni ya lazima. Gazeti si filamu, wala mwanga wa jua si eksirei. Mfano huu waonyesha kujumlika na kuzuiwa tu. Mwalimu asiyetaja mpaka wa mfano wake hupanda kosa ambalo mwenziwe wa darasa la juu atataabika kuling'oa.

Malizia kwa swali: filamu mbili za namna moja, moja imepita mtamboni mara 1, nyingine mara 5, ipi itaharibika zaidi, na kwa nini?