Mji Huanzia Njia Panda

Katika Kata ya Ulemo, Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, kipo kijiji cha Misigiri. Hapo barabara itokayo Singida kwenda Nzega hukutana na ile iendayo Kiomboi. Miji mingi ilizaliwa mahali pa namna hiyo: hufunguliwa duka, kisha mgahawa na gereji, na wenye mashamba huanza kukata vipande na kuviuza. Huo ndio wakati wa kupanga mji, ijapokuwa bado hakuna auitaye mji.

Sababu yake yaweza kuonekana katika hesabu nyepesi. Nyumba yenye paa la bati la meta za mraba 60, ikinyeshewa mvua ya milimeta 50, humwaga lita 3,000 za maji, yaani mapipa 15. Shambani, sehemu kubwa ya maji hayo ingalinywewa na udongo. Nyumba zikifika 200, mapaa peke yake humwaga lita 600,000. Maji hayo hayana budi kupita mahali. Mkondo wake wa asili ukijengwa, yatapita ndani ya nyumba za watu.

Dar es Salaam ilijifunza jambo hilo kwa msiba. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu wapatao 273,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Mipango mikuu ilitungwa mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini ujenzi ulikwenda mbio kuliko upimaji. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sinza, katika jiji hilo hilo, ilianza vingine: katika miaka ya 1970 viwanja na barabara vilipimwa kwanza, ndipo wananchi wakajenga, kila mmoja kwa uwezo wake.

Barabara ya upana wa meta 10 na urefu wa kilometa 1 huchukua hekta 1. Leo hekta hiyo ni shamba la alizeti au mtama. Kesho itakuwa nyumba za kubomolewa na fidia ya kulipwa. Swali gumu ni hili: nani aitoe? Akidaiwa mmoja, ataona ameonewa. Wakimega wote kidogo kidogo, hasara hugawanyika, na viwanja vinavyobaki hupanda thamani kwa kuwa vina njia.

Uwezo wa kukubaliana hivyo upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 huiruhusu kuandaa mpango na kuupeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi kazi ya kwanza haihitaji mitambo: ni kutembea na wazee wakati wa masika, kuona maji yapitapo, na kuweka alama kabla ya tofali la kwanza.